Taa Nyekundu ya Lilombe

Nilitoka mlango wa pili nikiwa na njaa, kidole gumba kinaniuma, na taa iliyokuwa juu ya mlango ilikuwa nyekundu.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikarudi nyuma kidogo, nikainua shingo. Nyekundu. Na hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kuiwasha taa ile siku hiyo isipokuwa mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, ndani ya ukumbi ambao sikukumbuka hata sakafu yake ikoje.

Kitu cha mwisho nilichokumbuka kilikuwa mlango wa kwanza: daktari wa zamu akinifunga ukanda wa Pazia kwenye paji la uso, ubaridi wa ule ukanda, harufu ya rangi mbichi iliyotanda kila mahali, nami nikijiombea nisije nikapiga chafya. Kisha nikawa hapa. Asubuhi ilikuwa imekwisha. Ilikwenda wapi, sijui.

Bi Hidaya Shamte alikuwa ameketi kwenye benchi la kusubiria, chupa ya uji mapajani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na siku hiyo alikuwa msindikizaji wangu. Msindikizaji haingii ndani. Kazi yake ni kukuleta, kukusubiri na kukupokea. Aliitazama taa mara moja, kisha hakuitazama tena.

"Pole kwa kazi, mwanangu Tumpale," alisema. "Kaa unywe."

"Mwalimu, ni nyekundu."

"Mie nina macho. Kunywa uji."

Nikanywa. Ulikuwa uji wa ulezi wenye ndimu, wa moto hasa. Kwenye Shirika letu la ukaguzi mtu akitoka nyuma ya Pazia haulizwi kitu mpaka amalize uji wake, na hata akishamaliza, haulizwi aliyoyaona. Nilipoajiriwa nilidhani ni wazee tu na mapenzi yao ya taratibu. Siku ile nilimshukuru kutoka moyoni huyo mtu wa kwanza aliyefikiria kwamba binadamu akitoka mle atahitaji kitu cha moto mkononi na mtu asiyemhoji.

* * *

Wasioijua kazi yetu hufikiri Pazia ni adhabu. Hata shangazi yangu alipoambiwa nimepata kazi ya kuingia viwandani na kutoka bila kukumbuka kitu, alisema mbona hiyo kazi angeiweza yeye.

Lakini kabla ya Pazia, milango yote ilikuwa imefungwa. Mashine zinazorutubisha urani kidogo, ikatosha kuchemsha maji na kuwasha taa za mji, ni zilezile zinazoweza kuachwa ziendelee mpaka ipatikane ya bomu. Ukitaka kujua mwenye mashine anafanya lipi kati ya hayo mawili, lazima uingie ukapime. Na hakuna nchi iliyokubali kumwingiza mgeni, kwa sababu mgeni ana macho, na akitoka anatoka na siri za mashine zilizowagharimu watu miaka. Kila upande ulikuwa na hoja. Wakabishana, na wakati wanabishana dunia ikalala kwa wasiwasi. Mama yangu anaikumbuka miaka hiyo. Mimi siikumbuki, na nashukuru.

Pazia ndilo lililofungua milango. Ukanda ule unauzuia ubongo kuhifadhi kipya. Ukiwa ndani u mzima kabisa: unafikiri, unapima, unabisha, unakasirika. Ila hakuna kinachoshika. Mwisho wa kazi unakuta vitufe viwili. Kijani maana yake mambo ni kama wenye kiwanda walivyotangaza. Chekundu maana yake si kama walivyotangaza. Cha tatu hakuna. Unabonyeza, unavuka mlango wa pili, na kila ulichokiona kinabaki kwa wenyewe.

Kisha inakuja sehemu ambayo wenye akili walioandika Mkataba wa Milango waliiona ni ya haki, na mimi mchana ule niliiona ni ya kikatili. Kabla jua halijazama, mkaguzi anatakiwa aweke kiganja kwenye kioo kilicho chini ya taa na kuithibitisha, au aifute. Hakuna anayeruhusiwa kumuuliza kwa nini, na hata angeulizwa, hajui.

Ukifuta, kiwanda kinaendelea na kazi jioni ileile, na hakikaguliwi tena mpaka mwaka mwingine. Ukithibitisha, hakuna mtungi wa urani unaosogea hata inchi moja, na inaitwa timu maalumu inayoingia bila Pazia. Timu hiyo huchukua wiki kadhaa.

Mimi sikuwa hata mkaguzi mzoefu. Nilikuwa mtafiti. Miaka miwili niliitumia kwenye maabara ya Shirika pale Mbeya, nikipima jinsi chuma kinavyomeza miale, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia peke yangu kwenye kiwanda cha kweli. Na kiwanda chenyewe kilikuwa Lilombe, kinachotengeneza mafuta ya urani ya vinu vidogo vya umeme vya Jumuiya yote ya nchi za Maziwa. Kimojawapo cha vinu hivyo kimefukiwa nyuma ya hospitali ya kwetu Tukuyu, na mafuta yake yalikuwa yanaishia. Umeme ulikuwa wa mgao. Mama yangu ni muuguzi katika wodi ya wazazi ya hospitali ile. Mafuta mapya ya Tukuyu yalikuwa yaondoke Lilombe wiki hiyohiyo.

* * *

Walitupeleka kwenye nyumba ya wageni iliyo ndani ya uzio. Sijamaliza kunawa uso, mkuu wa kiwanda akabisha hodi.

Mhandisi Batholomeo Komba alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye sauti ya mwimba kwaya. Alimwamkia Bi Hidaya kwanza, kisha akanigeukia mimi, na nikaona jinsi alivyojitahidi asiitazame taa iliyoonekana dirishani.

"Binti yangu, siulizi. Sheria naijua, na nimewatishia wafanyakazi wangu kwamba atakayefungua mdomo kukusimulia aliyoyaona nitamfukuza. Nimekuja kueleza upande wangu tu, niliyoyafanya mimi."

"Karibu, Mhandisi."

"Sisi hapa hatuna cha kuficha. Tuliposikia mnakuja tulifurahi. Tumesafisha. Tumefyeka majani. Tumepaka rangi kila kitu, mama, mitungi yote, reli, mizani, milango, mpaka mawe ya kando ya njia. Tabaka mbili mbili. Nilisimamia mwenyewe." Akajipangusa uso kwa leso. "Ndiyo maana nashindwa kuelewa. Basi. Sisemi zaidi."

Akaaga, akaondoka. Nilimhurumia kweli. Sote tumekulia nchi hii. Tunajua mgeni mkubwa akija mawe ya njiani hupakwa chokaa na miti hufungwa mikanda myeupe kiunoni. Alikuwa ametuheshimu kwa namna anayoijua.

Lakini nilibaki na yale maneno yake. Tabaka mbili za rangi kwenye mitungi.

Nieleze, kwa sababu hapo ndipo roho yangu ilipoanza kukaangwa. Urani iliyomo kwenye mtungi hutoa miale. Ukiihesabu miale ukiwa nje, unajua urani imerutubishwa kiasi gani. Ila chuma cha mtungi humeza sehemu ya miale hiyo, kwa hiyo kwanza lazima ujue chuma kina unene gani ili ufidie kilichomezwa. Unene tunaupima kwa sauti: kifaa kinagonga, mwangwi unarudi, tunajua. Na rangi, hii rangi ya kawaida ya dukani, inauchelewesha mwangwi. Kifaa kinadanganyika kwamba chuma ni kinene kuliko kilivyo, nawe unafidia kupita kiasi. Mafuta halali kabisa yanaonekana yamevuka mpaka wa Mkataba. Unabonyeza chekundu, na mwenye mtungi hana kosa hata punje.

Dawa yake ni kukwangua rangi mpaka chuma kionekane, ndipo upime. Basi. Kila mwanafunzi wa Bi Hidaya anajua. Mimi ndiye niliyeandika tasnifu nzima juu ya kosa hilo. Na bado, kwenye yadi ya mazoezi, siku ya mtihani, kwa woga, nilipitisha mtungi mmoja bila kukwangua.

Je, mle ndani nilikwangua?

Nikaitazama mikono. Kucha zilikuwa safi, maana mlango wa pili wanakusugua kwa brashi kama unaingia kufanya upasuaji. Kwenye kidole gumba palikuwa na lengelenge jipya. Kukwangua rangi kunaleta lengelenge. Kuzungusha mnyororo wa mizani ya kuning'iniza tuliyokuja nayo kunaleta lengelenge lilelile. Kidole hakikunisaidia chochote.

* * *

Bi Hidaya alikuwa barazani anamenya chungwa, ganda lote kwa mkato mmoja mrefu. Ni mwanamke wa Pemba, mfupi, mkavu, na katika miaka miwili niliyokaa chini yake alinisifu mara mbili, zote kwa bahati mbaya.

Nilikaa sakafuni karibu naye.

"Mwalimu, nikiifuta?"

"Itakuwa imefutika."

"Na nikithibitisha, kumbe ni rangi tu?"

"Utakuwa umethibitisha rangi."

"Hunisaidii."

"Hujaniuliza cha kukusaidia." Akanipa nusu ya chungwa. "Kula."

Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu tabaka mbili, kuhusu mtungi ule wa siku ya mtihani, kuhusu kinu cha Tukuyu. Nikamwambia kwamba wiki iliyopita mama alimzalisha mtu kwa mwanga wa taa ya jua, na kwamba nikiweka kiganja pale nitakuwa nimeongeza wiki nyingine za giza kwa wanawake ambao wengine nimesoma nao darasa moja. Na kwamba nikiifuta, na kama kuna mtu mle ndani anatengeneza kitu cha kuchomea miji, nitakuwa nimemfungulia njia mwaka mzima. Kisha nikalia. Sikuona haya. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na sikuwa na ninayemwogopa pale zaidi ya nafsi yangu.

Bi Hidaya aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Mie sikwambii uweke wala ufute," alisema. "Nikikwambia, taa itakuwa yangu, nami sikuingia. Lakini n'nakuuliza kitu kimoja. Ulipofika mlango wa kwanza, walikuvua nini?"

"Simu. Saa. Hereni."

"Ukaviweka wapi?"

"Kwenye kisanduku."

"Na mama yako? Naye ulimtia kisandukuni pamoja na hereni?"

Sikumwelewa. Akaendelea na chungwa lake, hana haraka.

"Pazia huzuia unachokiona ndani," alisema. "Uliyoingia nayo hayaguswi. Haya, aliyeingia mle alikuwa nani?"

Kuku wa nyumba ya wageni walikuwa wakiparua chini ya mawe meupe, na kwa mbali wafanyakazi wa zamu walikuwa wametoka kukaa kwenye majani, hawana la kufanya, wanasubiri mkono wangu.

Aliyeingia mle alikuwa mimi. Alikuwa na mama yuleyule, wodi ileile. Alijua kinu cha Tukuyu kinakata roho. Aliujua mtungi wa siku ya mtihani, na aibu yake aliingia nayo kifuani. Harufu ya rangi mbichi aliinusa kabla ukanda haujaanza kufanya kazi, maana mimi mwenyewe naikumbuka. Hakuhitaji Mhandisi Komba amwambie kwamba mitungi imepakwa. Kila sababu niliyokuwa nayo mimi barazani ya kutaka taa iwe kijani, na yeye alikuwa nayo. Alitamani kijani kama ninavyoitamani. Juu ya hayo yote, yeye alikuwa ameona, na mimi sikuona.

Naye, na mapenzi yake yote kwa Tukuyu, alibonyeza chekundu.

"Mwalimu," nilisema, "wewe ungemwamini?"

"Nani?"

"Huyo aliyeingia."

Bi Hidaya alikunja uso, akatema mbegu ya chungwa.

"Nilimkwanguza mitungi yadi nzima mpaka akanichukia," alisema. "Nikamtungia mtihani tena, na tena. Mie siwaachii wasichana wangu waende popote kama siwaamini. Ungekuwa bado Mbeya unanipikia chai."

Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya tatu, na safari hii haikuwa ya bahati mbaya. Niliikumbuka yadi ile, jua la mchana, vumbi la rangi puani, na mimi nikimsema moyoni huyu bibi kwamba hana utu. Nilijisikia kumshika miguu kwa shukrani. Kila alichonitesa nacho kilikuwa kimenifuata mpaka mle ndani, mahali ambapo yeye haruhusiwi kufika, kikanishika mkono.

Nikanawa. Nikavaa viatu.

* * *

Njia ya kurudi kwenye mlango wa pili ilipita mbele ya wafanyakazi. Wote walinitazama, na nilijua kwamba wengi wao walikuwepo ukumbini, waliniona nikifanya kazi, wanajua jambo ambalo mimi silijui. Ni hali ya ajabu kupita mbele ya watu wanaokufahamu kuliko unavyojifahamu.

Mhandisi Komba alisimama kando ya kioo, kofia yake ya kazi kwapani. Alinitazama usoni mara moja tu, akajua.

"Nisamehe, Mhandisi," nilisema.

"Fanya kazi yako, binti."

Nikaweka kiganja. Kioo kilikuwa na joto la jua la siku nzima. Taa ikapepesa mara moja, kisha ikatulia nyekundu, na ndani ya kiwanda nikasikia mashine moja baada ya nyingine zikishusha sauti, mpaka nikaanza kuwasikia ndege.

Waliponirudishia simu nilimpigia mama. Sikuruhusiwa kumwambia mengi. Nilimwambia tu kwamba mafuta yatachelewa, na kwamba ni kwa sababu yangu, na kwamba naomba radhi.

Nyuma yake nilisikia mtoto mchanga akilia kwa hasira zote za dunia.

"Haya," mama alisema. "Tutatumia taa za jua. Tumpale, umekula?"

"Nimekula chungwa."

"Chungwa si chakula. Mwambie huyo mwalimu wako akupe ugali."

Nilikata simu nikiwa nacheka na kulia kwa pamoja. Najua wapo watu ambao wakifanya jambo gumu hawana pa kulipeleka. Mimi nilikuwa na pawili kwa siku moja.

* * *

Timu maalumu ilimaliza wiki ya tano. Miji yetu ilikuwa imebanwa kwelikweli na mgao wa umeme. Mama hakunificha: waliwahamishia Mbeya wajawazito wawili kwa gari, na mmoja wao alijifungulia njiani, salama, karibu na Uyole. Aliponisimulia hakunilaumu, lakini alinisimulia, akitaka nijue.

Majibu ya timu huenda serikalini; mkaguzi haambiwi kitu. Kuna kifungu kimoja tu kwenye Mkataba kinachosema kwamba mwenye kiwanda akitaka, kwa hiari yake, anaweza kumwita mkaguzi na kumsimulia. Katika historia ya Shirika hakuna mwenye kiwanda aliyewahi kutaka. Ndiyo maana mwito wa Mhandisi Komba ulipofika Mbeya, Bi Hidaya alipandisha miwani, akauangalia kwa muda, akaniambia nichukue sweta, Lilombe kuna baridi.

Mhandisi alitupokea langoni mwenyewe. Hakutaka tuketi.

"Hapakuwa na bomu," alisema kabla hata salamu hazijatulia. "Nataka ulijue hilo kwanza, binti yangu, kwa sababu nimekesha nikiliwazia jina la kiwanda changu. Hapakuwa na bomu, wala mwizi."

Rangi, nikawaza. Nimewaweka watu gizani kwa ajili ya rangi.

"Ilikuwa rangi," akasema. Nikafumba macho. "Lakini si ile ya mitungi. Ya mizani."

Akatueleza taratibu, mikono ikimsaidia. Mizani yao kubwa ya kupimia mitungi imefukiwa sakafuni: sahani ya chuma inayoelea ndani ya shimo lake, na uwazi mwembamba pembeni kuizunguka. Vijana wake, kwa bidii ya kuwafurahisha wageni, waliipaka nayo tabaka mbili, siku kadhaa kabla ya kuifikia mitungi. Rangi ikajaa kwenye ule uwazi, ikakauka, ikaigandisha sahani kwenye kingo zake. Tangu hapo mizani ikawa inadanganya, mtungi mzito inausoma mwepesi. Nao, wakiamini mizani yao, wakawa wanajaza, wanajaza, wakidhani bado haujafika. Mitungi mitatu ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Mimi nilikuwa nimeipima kwa mizani yangu ya kuning'iniza, nikakuta urani isiyotangazwa, na kwa mkaguzi urani isiyotangazwa ni taa nyekundu, basi.

"Mitungi ile," Mhandisi alisema, "jioni ileile ilikuwa iingie chumba cha mvuke, ichemshwe tuchukue sampuli. Unajua urani ya namna ile inavyofanya ikiyeyuka?"

Nilijua. Inatanuka. Inatanuka kwa nguvu ambayo mtungi uliojaa pomoni hauwezi kuizuia. Ungepasuka, na mvuke wa sumu ungejaa chumba kizima, na waliomo wasingepata hata nafasi ya kuufikia mlango.

"Zamu ya chumba cha mvuke ilikuwa ya watu sita," alisema. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akainama kama anayempa mkono mzazi wake, mtu mzima yule. "Asante. Sijui kusema zaidi. Nimeambiwa wewe hukumbuki. Basi mimi nitakumbuka kwa niaba yako."

Nilitaka kumwambia kwamba sistahili, kwamba aliyefanya kazi ile ni mwingine, nami nilimwekea kiganja tu. Nilimtazama Bi Hidaya anisaidie, lakini alikuwa amegeukia upande mwingine, anahangaika na miwani yake.

"Kuna mmoja wa wale sita anataka kukuona," Mhandisi alisema. "Siku ile ndiye aliyekushikia mnyororo wa mizani. Nimemruhusu."

Alikuja mwanamke wa rika langu, ovaroli lake limemzidi, kitambaa kichwani. Akasema anaitwa Siwema Haule. Alinitazama kwa mazoea, kama tunafahamiana, na ikanibidi nijikumbushe kwamba kwa upande wake tunafahamiana.

"Dada, ulituudhi," alianza, akicheka. "Ulikwangua rangi yetu kwenye kila mtungi, wala haijakauka vizuri. Tulikununia."

"Nilikwangua?"

"Yote! Halafu ukapima, ukapima tena. Kwenye uzito ukalinganisha namba na za kwetu. Ukaniambia nishushe mnyororo, tuanze upya. Tukaanza upya. Ukaniuliza kama kuna mafuta ya Tukuyu kwenye mitungi hii. Nikasema yapo. Ukakaa chini kabisa, sakafuni."

Nilikuwa nasikiliza kwa mwili mzima.

"Ukanyanyuka ukabonyeza," Siwema alisema. "Ila hukutoka. Ulisimama unatazama mlango. Nikakuuliza, dada, vipi? Ukasema, nikishavuka hapo nitajitilia shaka, namjua yule nitakayekuwa huko nje. Ukasema unamwonea huruma, unamwachia mzigo na humpi hata sababu."

"Nilisema hivyo?"

"Ndivyo. Ukanishika bega. Ukaniambia, akiniamini, na wewe siku moja ukiruhusiwa kusema, mwambie nimemshukuru sana. Ndipo ukatoka."

Nilimshika mkono nikamwomba arudie kuanzia mwanzo, polepole, neno kwa neno, kwa sababu safari hii nilitaka kukumbuka.